Watoto wa Okeny

Okeny na mkewe Santina hawakujaliwa kuzaa, lakini kila Jumapili, majirani wakiwa kanisani, Okeny alikuwa akipaka watoto mafuta. Ndivyo alivyoziita bastola zake ndogo za mfukoni, za karne ya kumi na tisa. Alikuwa fundi wa silaha wa polisi mpaka walipomstaafisha. Ya kwanza aliinunua kwa mchuuzi wa Kongo aliyekuwa na haraka; nyingine aliachiwa na Wahindi walipofukuzwa. Alizipendea udogo wake: kifyatuo kinachokunjwa tumboni kama kisu, mpini wa pembe uliogeuka rangi ya chai. Risasi za bastola hizo, zenye pini ubavuni, hazitengenezwi tena. Bila risasi, zilikuwa bubu. Lakini Kampala ya mwaka sabini na nne, Mwacholi kama yeye, wa kabila lililoshukiwa uasi, akikutwa na bastola nyumbani, hata bubu, haulizwi mara mbili.

"Zitupe kwenye kinamasi," Santina alimsihi.

"Kesho."

Kesho yake ilikuwa ndefu.

Katika mtaa wao wa Namuwongo, ukuta wako ni ukuta wa jirani. Maimunah, mke wa askari, alisikia kila Jumapili: "Watoto wamepakwa mafuta, wamelala, funga sanduku." Akacheka, akasimulia kwenye bomba la maji kwa mzaha: wasio na mtoto wanalaza watoto! Mzaha ukafika kambini kwa mumewe, na huko haukuchekwa. Ikasemwa: Okeny anaficha vijana wa waasi.

Walikuja mchana kweupe, Koplo Taban na wenzake wawili, gari likiachwa linanguruma.

"Mzee, watoto iko wapi?"

"Sina watoto, afande."

"Na ile unapaka mafuta kila Sande?"

Okeny alisikiliza kama habari za mtu mwingine. Akavuta sanduku kutoka uvunguni, akalifungua.

Taban akainama, akatazama, akaangua kicheko. "Hii ndio watoto? Mama, wewe nazaa chuma?" Akajaribu kutia risasi yake mwenyewe, ikagoma kuingia. Kicheko kikakatika.

"Sikia, mzee. Mkubwa nangoja nipeleke kitu. Buti ya gari iko wazi. Niweke wewe, ama niweke hii watoto yako? Sema mwenyewe."

Lilikuwa swali jepesi. Okeny alikuwa akiitazama ile ndogo ya pembeni, ambayo ilikuwa bado haijapakwa mafuta. Hakuogopa. Hakuona uchungu. Neno tu halikuja, na askari walikuwa wakimngoja.

"Chukua chuma!" Santina akapiga ukelele. "Chukua yote, mwanangu, niachie mzee wangu!"

Wakachukua.

Gari lilipotoweka, Santina alikuwa ameketi sakafuni.

"Ulikuwa unafikiri nini?"

Okeny alitafuta jibu ndani yake, akakuta patupu, kama uwanja uliofagiwa.

"Sijui."

Santina akainuka, akaepua maharage yaliyoanza kuungua, akapakua sahani moja, akala akiwa amempa mgongo.