Nyota Moja kwa Habari ya Daraja

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuwasha seva ya jukwaa letu pale Kasongo. Ni kompyuta tu isiyo na kioo, imefungwa kwenye betri za jua, nayo hugawa masomo, nyimbo za kwaya na mawaidha kwa simu za watu wa karibu na soko, bila intaneti. Kila inapowashwa hujikagua polepole kabla ya kufungua mafaili, na mimi, ambaye sina subira, huigombeza kama mtoto anayechelewa shule.

Jukwaa lilikuwa limedorora. Watu walisoma, wakanyamaza. Kamati ikaamua kwamba mwanachama anayepima mada kwa nyota, moja hadi tano, achajiwe simu bure. Lo! Nyota zikamwagika. Mada zenye nyota nyingi zikapanda juu, zilizokosa zikazama.

Asubuhi moja mume wangu, dereva wa pikipiki, alikuwa ameshaondoka na abiria kwenda Kabambare. Mada ya juu kabisa ilisema njia ni nzuri. Seva ilipoamka nikateremka hadi chini kufuta takataka, nikakuta mada iitwayo “Hatari, ndugu zangu.” Aliyeiandika, jana yake jioni, ni mwanamke muuza mawese aliyetoka njia hiyohiyo: magogo ya katikati ya daraja yamechukuliwa na mto, na maji yamefunika pengo, ukitazama utadhani daraja ni zima. Watu wengi walikuwa wameipima. Kila mmoja alitoa nyota moja.

Nilimpigia mume wangu simu, haikuita. Njia ile haina mtandao. Jirani yetu, fundi wa baiskeli, alikuwa ameingia kuchaji, na jina lake lilikuwemo kati ya waliopima. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini alitoa nyota moja.

“Mama, ile ni habari mubaya,” akajibu kwa upole. “Namna gani nitaipa nyota mingi? Mutu atasema ninafurahia hatari.”

Sisi hatupigii msiba makofi.

Nikaendelea kutazama majina, nikaona la mume wangu. Nikashusha pumzi. Basi amesoma, anajua, atashuka na kupima maji! Nikamwonyesha jirani, karibu nicheke. Akakwepa macho yangu.

“Mimi sikuisoma, mama. Niliona kichwa tu, nikagusa nyota, nikachaji.”

Hofu ikarudi, na safari hii ilikaa. Niliipandisha mada ile juu kwa mkono wangu, nikafunga chumba, nikaenda kusimama njia panda. Kila pikipiki iliyotokea iliniinua moyo na kuuangusha. Niliomba, nikasahau maneno, nikaanza upya. Nilimwona mara mia ndani ya maji.

Jua lilipopoa akatokea, yeye na abiria wake, matope hadi magotini.

“Abiria alikuwa na haja ndogo, tukasimama mbele ya daraja,” akasema. “Mbuzi wa watu akaingia pale juu. Akapotea, mama. Hivi, kwa maji.”

“Lakini ulikuwa unajua,” nikasema. “Ulisoma mada ya daraja. Nyota yako iko pale.”

Akanitazama.

“Mada gani ya daraja?”

Nikampiga kifuani kwa viganja vyote viwili, mbele ya watu, nikilia, na sikuweza kuacha.