Muke wa Ngoma

Leo nimepiga ngoma mbele ya watu, na musamaha siombi.

Niko cyber, kwenye komputa za kulipia, nawaandikia mbio mbio kabla umeme haujakatika.

Ilikuwa arusi ya rafiki yangu, kule mtaa wa Cibitoke. Wapiga ngoma walikuwa wanapumzika. Mi nilikuwa nimechoka, nikaegemea ngoma moja. Basi, nimeleta balaa!

Mukubwa wao akaruka: "We mama, toka hapo! Mwanamuke hagusi ngoma. Na we Muswahili wa mtaa wa Buyenzi, unajua nini ya Burundi?"

Munaona? Amenifukuza mara mbili kwa mpigo mumoja. Kwanza sababu ni mwanamuke, halafu sababu ni Muswahili, eti si Murundi kamili. Sasa nitangulize mguu gani, wa mwanamuke ama wa Muswahili? Nyinyi mungetangulia na upi? Niandikieni.

Mi sikutoka. Nikamuuliza: "Karyenda, ile ngoma takatifu ya mwami, mufalme wa zamani, nani alikuwa anaichunga?"

Mukubwa akaangalia vidole vya miguu yake.

Muzee mumoja wa kundi lake akajibu kwa sauti ya chini: "Mukakaryenda. Muke wa Karyenda."

"Ahaa! Kumbe mwanamuke anaweza kuolewa na ngoma, lakini kuigusa, apana?"

Wamama walicheka mpaka bibi arusi akashika tumbo. Mi nikaokota fimbo mbili, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Munajua vita hii imetufundisha nini. Cibitoke ikisikia mulio mukubwa, inajua ni bunduki, watu wanalala chini.

Leo wamama wote walisimama.