Uso wa Baba Kwenye Folda ya Wachezaji

Siku ile tulikuwa watano katika chumba cha nyuma cha studio: mimi Nekesa, mdogo wangu Wafula, wa miaka kumi na mmoja, Nafula, kitinda mimba wetu, amelala kwenye benchi, Mzee Harjit, mwenye studio, na Odhis, kijana mrefu wa mtaa wa Section 58 ambaye mdomo wake haukujua likizo. Nikinusa vumbi linaloungua ndani ya kompyuta kuukuu, wote wanarudi na kukaa mahali pao, hata Mzee Harjit, ambaye alishafariki zamani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alitutoka kwanza, mama akamfuata kabla sijamaliza kidato cha kwanza, nami nikaacha shule nikaenda kupiga deki studio. Mzee Harjit, Singasinga aliyekuwa amepiga nusu ya Nakuru picha za pasipoti, ndiye aliyenifundisha kusafisha picha kwenye kompyuta. Wateja walipopungua, aliweka mashine tatu kule nyuma, vijana wakawa wanakuja kucheza mpira wa kwenye skrini.

Vijana wa Kaptembwo, mtaa wetu, hawakutaka kuchezesha watu wasiowajua. Kwa hiyo niliwapiga picha mmoja mmoja, nikabandika nyuso zao kwenye vichwa vya wachezaji, nikawachorea na jezi. Wafula naye akaja na ombi lake: baba awe kipa. Enzi zake baba alidakia timu ya wafanyakazi wa reli, na hadithi za mipira aliyoitoa tulizijua kama sala.

Picha yake ilikuwa moja tu, ndogo, iliyobaki alipopigwa ya kitambulisho. Niliiskani Desemba ya 2007, nikairudisha kwenye sanduku la mama. Januari, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba yetu ya Kaptembwo iliungua, sanduku likiwa ndani. Tulihamia Lanet kwa binamu ya mama, na studio ilipofunguliwa tena uso wa baba ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye ile folda, katikati ya nyuso za vijana wa mtaa.

Mzee Harjit alikuwa na sheria yake, na aliirudia kila nilipoketi mbele ya mashine. "Nekesa, kwanza cheza uone. Mchezo ukichoka, tafuta nani mzito, faili gani inailemea mashine. Baadaye ndiyo upunguze, na upunguze nakala, si ile ya kwanza." Nilimjibu "Ndiyo, Mzee," kama anavyojibu mtu ambaye kichwani anafikiria unga wa jioni.

Basi Jumamosi hiyo ilikuwa Kaptembwo na Section 58, Wafula ameshika kidude cha kuchezea upande mmoja, Odhis upande wa pili. Mchezo ulianza kukwama mapema. Odhis alipiga shuti, baba akaruka, akabaki hewani, mikono mbele, hashuki.

"Niaje, Kaptembwo!" Odhis akapiga kelele. "Kipa wenu anadaka ama anaomba?"

Nafula aliamka akacheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

"Mpelekeeni chai huko juu, atakawia!"

"Huyo ni babangu," Wafula akasema.

Odhis aliweka kidude chini, akajifanya anafunga kamba za viatu. Wafula alinigeukia, macho yamejaa. "Sista, fanya kitu. Asining'inie hivyo."

Nilikuwa nimechoka. Tangu Januari sikuwa nimelala vizuri hata wiki moja. Nilifungua folda, nikachagua picha zote za wachezaji, nikazipunguza hadi ukubwa wa ukucha, nikazihifadhi palepale juu ya zile za kwanza. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Mchezo ulikimbia vizuri kidogo. Baba alishuka, akadaka mbili safi, na Wafula akaruka hadi akagonga kichwa kwenye rafu ya fremu. Kisha akasema, akihema, "Sasa niprintie yeye, nimbandike Lanet."

Nilijua kabla karatasi haijatoka. Ilitoka na vijiraba vya kahawia, kama vigae vya choo. Hungeweza kujua masharubu yako wapi na macho yako wapi. Wafula aliigeuza juu chini, akitafuta upande ulio sawa.

Mzee Harjit alipekua sidii zake zote mpaka saa ya kufunga. Hakupata nakala. Mwishowe akaketi kwenye kiti changu, akafungua faili za mchezo moja baada ya nyingine, akanionyesha mzigo ulikokuwa: mashabiki wa jukwaani. Niliwachora wakubwa mno, kila mtu na kofia yake, watu ambao hakuna aliyewahi kuwatazama.

"Nyuso hazikuwa nzito," alisema. Hakunikemea, na hilo ndilo lililoniuma.

Wafula alikunja karatasi mara nne. "Utamrudisha?"

"Nitamrudisha."

Nimefanya kazi ya picha miaka mingi tangu hapo, na sasa ninaelewa kwamba sikukosea kwa kutojua. Nilikuwa nimezoea kukata kwanza. Shule niliikata hivyohivyo, kwa wiki moja, bila kuuliza mtu yeyote kama ndiyo iliyokuwa nzito. Ukiwa mkubwa wa watoto wasio na wazazi, unapunguza kilicho karibu na mkono, kwa sababu anayelia yuko mbele yako.

Siku hizi kuna programu zinazokuza picha ndogo. Nimezijaribu. Zimenipa mwanamume mzuri, ana masharubu, ana macho, na si baba.

Mwezi uliopita binti ya Wafula alimuuliza babake babu alikuwa anafanana vipi. Wafula alinitazama juu ya kikombe cha chai, akatabasamu kidogo, bila ubaya.

"Muulize shangazi yako," akamwambia. "Aliniahidi."

Mtoto akanigeukia, akangoja.