Mpiga Pasi Aliyekwenda Kujishtaki Baada ya Kumaliza Marathoni

Saa mbili kasoro asubuhi, pasi inatoa moshi wa mvuke, na mwenye pasi kasimama kwa mguu mmoja.

Siyo kwamba wa pili unauma. Ni mazoezi. Anapitisha pasi kwenye marinda ya sketi ya shule, anajiinua kwa vidole vya mguu wa kushoto, anashuka. Rinda linalofuata, mguu wa kulia. Sketi ikiisha anaitundika na kuvuta nyingine, macho hayabanduki kwenye kitambaa, maana hapa ukiunguza sare ya mtu hakuna cha samahani, unashona mpya.

Chumba chenyewe ni kimoja tu, ghorofani, juu ya duka la rangi. Cherehani tatu zimepangwa dirishani, zinapiga kelele kama zinagombana. Nyuma ya meza ya kukatia yupo mume wake, tepu shingoni, chaki sikioni. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mke wanamwita Mvuke, na hata watoto wao shuleni wakiulizwa mama yenu nani, wanajibu hivyo hivyo.

Mteja anaingia kuchukua suruali. Anamtazama Mvuke, anatazama miguu, anamtazama tena.

"Samahani dada, ndiye wewe yule?"

"Yule nani?"

"Aliyekimbia halafu akaenda kujishtaki."

Mvuke anacheka mpaka inabidi aiweke pasi pembeni. "Ndiye mimi. Na mshtakiwa mwenzangu yule pale, mwenye tepu."

Fundi anajifanya hajasikia. Anakata kitambaa.

Wiki mbili zimepita tangu siku ile, na ukimuuliza Mvuke kama ameshazoea, anatikisa kichwa. "Mimi bado. Naamka asubuhi nakaa kitandani najiuliza, hivi ilikuwa kweli au niliota? Halafu nauona mdomo wa Fundi umefumba hivi, nakumbuka, aah, ni kweli."

Mbio alizianza kwa sababu ya kazi. Kusimama kwenye pasi kutwa kulikuwa kunamvimbisha miguu, jioni viatu havivuliki. Mtu akamwambia atembee. Akatembea. Kutembea kukamchosha kwa kuchelewa kufika, akaanza kukimbia. Kidogo kidogo mpaka akajikuta kwenye marathoni, kilomita zile arobaini na mbili na ushee ambazo watu wazima wenye akili zao wanazikwepa. Siku aliyokimbia vizuri kuliko zote alitumia saa tatu na dakika hamsini na mbili. Fundi akauandika muda huo kwa chaki, ndani ya mlango wa kabati la nyuzi, na akakataza mtu kuufuta.

Ndipo mikosi ikaanza.

Wa kwanza ulikuwa ngazi. Alikuwa anashusha furushi la masweta ya shule, haoni mbele, mguu ukakosa kipandio.

"Nilishuka ngazi zote nimekalia masweta," anasema. "Kifundo cha mguu, kwisha."

"Sweta hazikuumia hata moja," Fundi anadakia kutoka mezani.

"Umeona? Huyo ndiye mume niliyepewa."

Miezi ya bandeji ngumu akapiga pasi amekaa kwenye stuli, mguu umelazwa juu ya marobota. Ulipopona akajiandikisha mbio kwa pupa, mwaka jana. Kufika kilomita ya thelathini misuli ya nyuma ya miguu ikakaza, yote miwili kwa pamoja. Akaanguka chini kama gunia. Gari linalopita nyuma kuokota walioshindwa likamwokota, na likapita naye mbele ya watu wote, mbele ya wifi yake pia, dada wa Fundi, aliyekuja kumshangilia.

"Wifi!" dada mtu akapiga kelele barabarani. "Kumbe siku hizi mnakimbia kwa gari?"

Mvuke anasimulia hilo na uso haujui ucheke au unune. Wifi ni wifi. Lakini neno lile lilimwingia moyoni.

Fundi akasema basi, mazoezi kwenye barabara kubwa ile yenye mashimo harudi tena. Nyuma ya duka la rangi kuna maghala, yamezungukwa na lami iliyonyooka, tambarare, na asubuhi malori hayajaamka. Utakimbilia hapo, akamwambia mkewe, nikuone. Kilomita nitakupimia mimi mwenyewe.

Wala hakuna aliyeshtuka. Mtu anayepima viuno na mabega ya watu kila siku ya Mungu, atashindwa na barabara? Jumapili mbili nzima Fundi alipiga magoti kwenye lami na tepu yake ileile ya shingoni, anaweka alama ya chaki, anasogea, anaweka nyingine. Wapita njia walidhani ameangusha pete. Alipomaliza alivuta mstari wa rangi nyeupe, nene, kuikata lami: anzia hapa, zunguka maghala, rudi hapa, kilomita moja. Halafu akawa anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, simu mkononi, anasoma muda kila mke wake akipita.

Na muda ulikuwa mbaya.

Siyo siku moja. Kila siku. Mvuke alikimbia mpaka akatapika kwenye mtaro, Fundi akasoma simu, akatikisa kichwa. Mvuke akabadilisha viatu. Akabadilisha chakula. Akalala mapema kama kuku. Ukipiga hesabu, kwa mwendo ule marathoni angeimaliza kwa karibu saa nne. Yaani amerudi nyuma kuliko kabla ya ngazi.

"Nilijua ni mguu," anasema, na hapo sauti inashuka. "Nikasema mguu ulipona kwa nje tu. Ndani umebaki na kitu. Nikawa nikipiga pasi nautazama kama mtu aliyenisaliti."

Asubuhi moja akakaa kwenye ukingo wa lami, jasho linamtiririka, akamwambia mumewe: "Ya mwaka huu ndiyo ya mwisho. Nisipoupita ule muda wa kwenye kabati, viatu namwachia wifi. Sitaki kuzeeka nakimbizana na mtu ambaye ni mimi mwenyewe."

Fundi akabisha, akabembeleza, wapi. Habari ikamfikia wifi kabla ya chai.

"Mimi sina haraka, wifi yangu," akasema, maana yeye na Mvuke wanavaa viatu vya namba moja. "Mbio zikiisha nitapita na mfuko."

Siku ya mbio Mvuke alivua saa ya mkononi akaifungia kabatini. Alishakata tamaa, na aliona saa ya nini, ya kujionea aibu kila kilomita? Alitaka akimbie aage, basi.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa ya ajabu. Vibao vya kilomita vilikuwa vinamjia mapema. Anatazama kushoto, kibao. Hajapumzisha jicho, kibao kingine.

"Nikasema hawa waliovipanga walikuwa wanasinzia," anasema. "Nikawaonea huruma wale watakaodanganyika."

Kilomita ya thelathini, pale alipoanguka mwaka jana, alianza kuisubiri misuli ikaze, kama unavyosubiri mgeni usiyempenda na umeshasikia hodi. Haikukaza. Thelathini na mbili, wapi. Thelathini na tano, miguu ilikuwa inawaka moto, anatukana kimoyomoyo, lakini inakwenda. Watu aliowazoea kuwaona migongo alikuwa anawaona nyuso, akiwapita.

Akakunja kona ya mwisho. Juu ya mstari wa kumalizia kuna saa kubwa, namba nyekundu. Saa tatu, dakika arobaini na tatu.

Mvuke alivuka mstari akaganda. Aligeuka akatazama nyuma kuona kama kuna barabara aliyoiacha. Msichana akamvalisha nishani, Mvuke akaivua palepale, akaifumbata mkononi kama kitu alichookota na mwenyewe bado hajatokea. Wakati wenzake wanakumbatiana na kulala chali kwenye nyasi, yeye alichechemea mpaka kwenye meza ya wasimamizi, kwa mzee mmoja mwenye kofia aliyekuwa mkubwa wa saa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hongera sana."

"Usinipe hongera. Nimekuja kusema. Nadhani nimekata njia."

Mzee akaweka kalamu chini. "Umekata wapi?"

"Sijui."

"Umekata njia na hujui ulipokatia?"

"Ndiyo maana nimekuja, mzee. Nifuteni tu, sitaki maneno."

Vijana waliokaa naye mezani walikuwa wameshaanza kushikana mabega kwa kicheko. Mzee akatazama namba ya kifuani mwake, akatazama kompyuta. Njiani kuna mikeka ya umeme inayoinasa namba yako ukipita juu yake. Mvuke alinaswa kwenye yote, kuanzia wa kwanza.

"Umekimbia yote, mwanangu."

"Angalia tena."

Akaangalia tena. "Yote."

"Basi saa yenu imekwama."

"Imekwama kwako peke yako?"

Mzee akamvutia kiti, akamuuliza mazoezi anafanyia wapi. Akaeleza: maghala, lami, mstari mweupe, kilomita moja kila mzunguko.

"Nani aliyepima?"

"Mume wangu."

"Yuko kwenye kazi za barabara?"

"Hapana, anashona nguo."

Mzee alivua kofia. Kisha akasema Jumatatu asubuhi atapita na gurudumu lake, lile la kupimia njia za mbio.

Jumatatu wakawepo wanne: mzee na gurudumu, Mvuke, Fundi, na wifi aliyekuja na mfuko, maana kwake yeye mbio zilikwisha na hakuna aliyemwambia zaidi. Gurudumu likaanzia kwenye mstari mweupe, tik, tik, tik, likazunguka maghala. Likafika kilomita moja. Mzee akasimama.

Mstari mweupe ulikuwa bado mbele. Mbele kabisa, baada ya geti la ghala la mwisho, mita hamsini na kitu.

"Hapana," Fundi akasema.

"Ndiyo," mzee akasema.

"Gurudumu lako bovu."

"Ndilo lililopima marathoni nzima, bwana. Wewe ulipimaje?"

Fundi akavua tepu shingoni, akapiga magoti, akawaonyesha. Akailaza tepu kwenye lami. Akaweka vidole vinne mbele ya ncha yake. Akachora alama ya chaki baada ya vidole. Akailaza tena kuanzia kwenye alama.

Wifi akainama kuangalia vizuri.

"Kaka, hivyo vidole ni vya nini?"

"Viwili vya mshono," Fundi akajibu, kama mtu anayejibu jina lake. "Viwili vya upi—"

Hakumalizia. Akautazama mkono wake kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. Miaka yote ile hajawahi kupima kitu bila kuacha nafasi ya mshono na ya upindo, maana nguo ikipungua haikui tena. Mkono ulikuwa unafanya peke yake. Jumapili mbili nzima.

"Mshono wa lami?" wifi akauliza. "Kaka, umeipinda barabara?"

Mzee akaketi juu ya ndoo, machozi yanamtoka kwa kicheko. Mvuke naye alianza kucheka. Halafu akaacha.

"Watu hawapendi kusikia sehemu hii," anasema sasa, akilainisha kola. "Lakini nilikasirika. Nilikasirika vibaya. Mwaka mzima najiona kilema, nauchukia mguu wangu mwenyewe, kumbe ni vidole vya mtu! Na mtu mwenyewe anakaa kwenye ndoo ananisomea muda wa uongo na kunipa pole."

Siku ile hakumwongelesha mumewe. Cherehani zikapiga kelele zenyewe. Fundi anasema hakupata usingizi. "Angeacha mbio," anasema, na mkasi umesimama hewani. "Angempa dada viatu, na tusingejua kamwe. Ningekufa sijui kwamba ni mimi niliyemsimamisha."

Kesho yake kwenye rundo la nguo za pasi ikatokea suruali ya kazi ya Fundi. Magotini ina viraka viwili. Mvuke aliipiga pasi suruali ile mwaka mzima na hakuwahi kujiuliza magoti yalitobokea wapi. Safari hii akajua.

"Nikapitisha pasi pale kwenye kiraka," anasema. "Taratibu. Nikamwambia, wewe mwanamume, njoo ule."

Na wifi? Alibaki amesimama pale maghalani na mfuko wake.

"Kwa hiyo viatu?"

"Havitoki, wifi."

"Na huu mfuko nimekuja nao wa nini?"

"Mtie kaka yako, uondoke naye."

Ndani ya mlango wa kabati la nyuzi, chini ya ule muda wa zamani, kuna mpya, umeandikwa na Mvuke mwenyewe kwa sababu Fundi alisema mkono wake hauamini tena. Chini yake imeachwa nafasi. Mwakani anataka kushuka chini ya saa tatu na nusu. Akisema hivyo cherehani moja inasimama, aliyekuwa anashona anageuka, na Mvuke mwenyewe anaziba mdomo kama aliyelisema ni mtu mwingine.

Kabla ya kazi leo, kulikuwa tayari na mistari miwili kwenye lami ya maghala. Wa njano, mpya, umevutwa na mzee wa gurudumu, ndio kilomita ya kweli. Mweupe uko kulekule mbele. Fundi kakaa kwenye ndoo yake karibu na wa njano, simu mkononi, mkono wa pili kaukalia.

Mvuke anatokea kona ya mwisho, mbio zote. Anafika mstari wa njano. Anaupita.

"Umeshafika!" Fundi anapiga kelele, anasimama mpaka ndoo inabingirika. "Mama, simama! Imetosha, umeshafika!"

"Hiyo ya mzee!" anajibu bila kugeuka, anaufuata ule mweupe. "Niache nimalizie upindo!"