Viti Tisa vya Ngosa

Ngosa alikuwa fundi wa injini za mashua katika ofisi yetu ya misaada, Nchelenge. Mwaka 1998 alikuwa pia watu tisa.

Madamu Suwilanji alituletea kompyuta kutoka Lusaka. Kila ombi la huduma lingeandikwa humo, lipimwe, liidhinishwe, ndipo lishughulikiwe. Alihitaji majina tisa, moja kwa kila hatua. Sisi tulikuwa watatu: mlinzi alikataa, mimi nilikuwa mpiga chapa. "Basi andika Ngosa," akasema, "kila mahali." Akaweka na mpaka: kwa kuanzia, tuhudumie vitu vilivyomo ofisini tu. Akaondoka.

Wiki ileile injini ya mashua ya zahanati ya Kilwa, ng'ambo ya ziwa, ikafa. Mama Angèle, muuza samaki, alituletea injini hiyo kwa mtumbwi wa kasia, siku nzima majini. Binti yake Jeanine alikuwa na mimba ya mapacha, na nesi alikataa asafirishwe kwa kasia. Jeanine alingoja mashua imlete hospitali ya upande wetu.

Ngosa hakupuuza maandishi. Alipanga viti tisa. Kwenye cha kwanza alipokea ombi. Kwenye cha pili akaguna, akalirudisha kwa kukosa sahihi. Akarudi cha kwanza, akatia sahihi.

"Papa Ngosa," Mama Angèle akauliza, "bale batu bengine banakuya saa ngapi?"

"Balisha kuya, mama. Njo miye," Ngosa akajigusa kifua.

"Bote?"

"Bote. Na ule wa kiti ya saba iko mubaya sana."

Kweli, wa saba, mwangalizi wa ule mpaka wa Madamu, alikataa: injini ilikuwa ufukweni, si ofisini. Nilimwona Ngosa amekaa pale, uso mikononi.

"Si uitengeneze tu?" nikamwambia.

"Vipuri viko stoo, dada. Ufunguo anao wa tisa."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Lakini siku ya Madamu alikuwa ametia sahihi mara tisa kuzikubali nafasi hizo, na kwake sahihi ilikuwa neno la mtu.

"Na motere ikiingia mu biro?" Mama Angèle akauliza, akionyesha injini ufukweni, kisha mlango wa ofisi.

Ngosa akahamia kiti cha saba, akafikiri sana. "Ikiingia, iko ya kwetu."

Wapiga kasia wakaibeba, ikichuruzika maji, wakaiweka mezani kando ya kompyuta. Hakuna kiti kilichopinga. Jioni ikanguruma humohumo, tukakohoa moshi.

Injini ikarudi Kilwa, mashua ikamleta Jeanine, naye akajifungua salama keshokutwa yake. Mama Angèle akaja na samaki tisa, akaweka mmoja juu ya kila kiti. Ngosa alisimama kitambo akiwatazama, kama mtu aliyetembelewa na jamaa wengi kwa mpigo.

Wa kwenye kiti cha saba alikuwa mdogo kuliko wote.