Mkalimani wa Mama

Juzi, kwenye makumbusho hapa Stockholm, niliona mkataba wa zamani kati ya Waingereza na sultani wa pwani yetu. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa marefu, ya Kiarabu mafupi. Nilijiuliza mkalimani alimwambia nini sultani, nikashikwa na aibu yangu mwenyewe.

Alasiri moja nilipokuwa mwanafunzi, jikoni kwetu Jordbro, nje kidogo ya Stockholm, palinukia iliki na mafuta ya maandazi. Nilimpa mama karatasi ya shule ya kuniondoa kwenye masomo ya Kiswahili, yaliyokuwa yakinikosesha mpira. Mama hakujua Kiswidi.

"Ni ya safari ya darasa," nilimwambia. Nilidhani saini ni mchoro tu, haimdhuru mtu.

Mama alipangusa unga mikononi, akatia saini polepole.

"Ahsante mwanangu," alisema. "Bila wewe ningekuwa kipofu nchi hii."