Ubao wa Lyamba

Mimi na maji ni mbalimbali. Nimekulia dukani, kati ya magunia ya chumvi na madebe ya mafuta, na maji mengi ninayoyajua ni ya pipa la kuogea. Kwa hiyo Lyamba aliponiomba nimsindikize Karema akapande mawimbi, nilianza kutafuta sababu za kukataa.

Lyamba ni fundi seremala hapa Kawajense, rafiki yangu tangu alipohamia mjini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kwao ni Karema, ziwani. Huko boti za dagaa zikipumzika kwa sababu ya mbalamwezi inayofifisha taa za kuvulia, vijana huchomoa mbao za sakafu ya boti, wakazilalia juu ya mawimbi, kisha wakasimama na kuletwa mpaka mchangani. Lyamba alikuwa hashikiki. Halafu gogo la mninga likamwangukia mguuni, na tangu hapo anachechemea.

Sasa shangazi yake Cecilia, mwenye boti, alikuwa amemtumia salamu. Nafasi ya kuvua ipo, ila kwanza amwone akisimama kwenye ubao, ajue kama mguu utahimili boti ikiyumba. Akiweza, anarudi ziwani, jambo aliloliota miaka yote. Akishindwa, ni vitanda na meza mpaka uzee.

Tulipanda lori mwezi wa tatu, mvua inanyesha, barabara tope tupu. Nilimsihi tungoje kiangazi.

"Nikingoja nitazeeka bwana," alijibu, amekumbatia ubao wake aliouchonga ncha ya mviringo.

Njia nzima akilini nilimwona anazama, nami niko ufukweni napiga mayowe. Mamba je? Na huo mguu ukikakamaa katikati ya maji, nani atamtoa? Mimi?

Tukakuta ziwa limetulia. Vijiwimbi vilikuja vikaishia kwenye vifundo vya miguu. Lyamba aliulalia ubao, akasubiri. Wimbi likamsukuma kidogo, likamwacha mchangani kabla hajainua hata goti. Akarudi tena na tena. Kila alipoingia nilibana pumzi, ingawa maji yenyewe hayakumfika kiunoni. Jua lilipopanda akatoka, mabega yamelegea.

"Leo ziwa limeninyima," alisema.

Shangazi Cecilia alikuja na kapu la dagaa kichwani. Tukamwamkia. Aliutazama ubao, akamtazama mtoto wa kaka yake.

"We Lyamba, nani anatafuta mawimbi sasa hivi? Si mpaka upepo wa kusini, mwezi wa sita huko? Nyie watu wa mjini mmesahau hata hilo?"

Lyamba akaanza kuufuta ubao kwa shati lake. Ulipokauka akaendelea kuufuta. Hakunitazama. Mtu aliyezaliwa pale hawezi kusahau jambo hilo. Moyo uliniuma, maana muda wote nilidhani mwoga ni mimi peke yangu.

Mwezi wa sita upepo ulianza, vumbi likajaa dukani. Nilifunga mlango nikaenda karakanani kwake, nimejiandaa kumwambia twende, nitakuwa naye hata kama nitatetemeka mpaka meno yagongane.

Kabla sijafungua mdomo alinisogezea stuli mpya.

"Kaa, Sadalla."

Nikapapasa sehemu yake ya kukalia. Upande mmoja ulikuwa na ule mviringo wa ncha ya ubao wake. Lyamba alikuwa ameshainamia randa, anapiga kwa nguvu. Nikakaa. Stuli haikutikisika hata kidogo.